Shule ya jamii ikipewa ilani ya kufungwa, kamati ianzie wapi?

Mwalimu, umeuliza kama kamati yenu iende mahakamani baada ya afisa wa elimu wa kaunti ndogo kuwaandikia kwamba shule yenu ya jamii, ambayo haijasajiliwa na inadaiwa kodi ya pango, itafungwa muhula huu ukiisha. Niliwahi kuwa mweka hazina wa shule ya aina hiyo huko Mukuru, Nairobi, na ushauri wangu ni kwamba isomeni kwanza ripoti ya ukaguzi mstari kwa mstari, mkitenga yanayohatarisha watoto na yanayohusu makaratasi.

Afisa aliyetukagua hakuanza na vitabu wala ratiba. Aliuvuta mlango wa darasa la kwanza, akaona unafungukia ndani, kisha akatuonyesha vyuma vya dirishani na jiko la uji lililotenganishwa na watoto kwa bati moja tu. Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba maskini wanaonewa, lakini mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unataka milango ifungukie nje na madirisha yasiwe na vyuma, na tangu madarasa ya shule moja ya Ng'ando, Nairobi, yaporomoke Septemba 23, 2019 na kuua wanafunzi 8, sioni mzazi anayeweza kulibishia hilo. Fundi wa mtaani aligeuza bawaba na kukata vyuma, na jiko likahamishwa. Mambo ya namna hiyo hayahitaji wakili.

Makaratasi ni shughuli nyingine, na hapo ndipo ninapoilaumu serikali waziwazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kuendesha shule isiyosajiliwa, ilhali katika mitaa ya mabanda ni nadra mwenye shule kuwa na hatimiliki ya kuonyesha. Kwa sababu hiyo kuna mwongozo wa 2015 wa kusajili shule za APBET, yaani zinazotoa elimu ya msingi kwa njia mbadala, kama hizi za mitaa ya mabanda. Ombeni usajili kwa njia hiyo, mkiambatisha mkataba wa upangaji na ripoti ya afisa wa afya ya umma.

Wakati huohuo iandikieni Bodi ya Elimu ya Kaunti, mkitaka ijibu kwa maandishi ni shule gani ya umma, ambayo mtoto wa gredi ya kwanza anaweza kuifikia kwa miguu, itakayowapokea wanafunzi wenu, na kama ina madawati ya kuwatosha. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na cha 47 kinawapa ninyi haki ya kupewa sababu za uamuzi. Wakishikilia kufunga, sheria hiyo ya 2013 imeunda Baraza la Rufaa za Elimu.

Lakini wanafunzi wa gredi ya sita msiwaache wangoje rufaa. Zungumzeni sasa na mwalimu mkuu wa shule jirani iliyosajiliwa awaandikishe kwa mtihani wa KPSEA, ule wa kitaifa wa gredi ya sita, kwani usajili wa mtihani hauahirishwi kwa sababu kamati ina kesi.