Kikombe cha matroni

Mmeuliza wiki hii korona ilimnyima nini mtoto wako. Najua wengi watasema masomo. Wangu ilimnyima watu wa kuongea nao.

Binti yangu ni kiziwi wa kuzaliwa na kwetu ni Ganze, ndani ndani huko, sio Kilifi mjini. Machi 2020 serikali ilipofunga shule alikua na miaka 9, yuko bweni la viziwi, nikapigiwa simu njoo umchukue leo leo. Kule shule anaongea mchana kutwa na mikono yake, anatania, anagombana, anapiga umbea. Nyumbani tulikua na ishara kama kumi tu, kula, maji, lala, njoo, na ya nyanyake ambayo ni kujishika kiuno. Kwa likizo zilitosha, lakini miezi tisa bana?

Hebu nambie, korona utamweleza vipi kwa ishara kumi? Mie nilikohoa nikajilaza kama maiti, akacheka, akaona ni mchezo. Mara watu hawapeani mikono, mara kila mtu kajifunga kitambaa mdomoni, na yeye midomo ndo alikua anaiangalia apate hata neno moja. Vipindi vya masomo vya KICD, ile taasisi ya serikali ya mitaala, vilikua vinakuja redioni KBC, kaka zake wanasikiliza chini ya mwarobaini na yeye anakaa hapo hapo na daftari lake, anaitazama redio. Redio jamani! Na Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kabisa. Simu yangu nayo ilikua mulika mwizi, kale kasimu kadogo kasiko na intaneti, vidio za ticha hazifiki.

Jirani yangu mwanawe ana mtindio wa ubongo, alikua anampeleka mazoezi ya viungo Mombasa, tarehe 8 Aprili Kilifi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, ikawa basi, Juni sisi tukafunguliwa lakini Mombasa haiingiliki mpaka Julai na nauli ishapanda, huku miguu ya mtoto ishakaza. Hilo ni lake, ataliandika mwenyewe.

Wangu kufikia Agosti aliacha zile ishara za shule, maana nani angemjibu? Akaanza kupiga wenzake, watu wakasema ana pepo, na mie nikakaribia kuamini.

Januari 2021 shule zikafunguliwa, ticha akanambia mikono yake imekua mizito, hata majina ya rafikize anayatafuta. Niliona aibu. Alipofunga mwezi wa tatu nikamwambia sasa we ndo ticha wangu, nikajifunza kila jioni tukimaliza sima. Wiki ya pili ndo akanieleza kua kabla nije kumchukua ile Machi alikua amevunja kikombe cha matroni, kwa hiyo miezi yote ile alikua anajua amefukuzwa shule. Na kikombe chenyewe ishara yake sikua naijua, ilibidi aingie jikoni akatoe kimoja anionyeshe.