Maswali ya Wasomaji: Asilimia 18 ya Nini?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nilinunua blenda hapa Morogoro kwa shilingi 94,400, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 ikiwa ndani yake. Nyumbani nilimwambia mwanangu wa darasa la saba atafute bei ya kabla ya kodi. Alitafuta asilimia 18 ya 94,400, akapata 16,992, akaitoa, ikabaki 77,408. Nami nilipofanya nilipata hivyo hivyo, lakini risiti inaonyesha 80,000. Je, ni risiti iliyokosea au ni sisi?
Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Risiti iko sahihi. Katika kuzidisha na kutoa kwenu sikuona kosa lolote. Kosa liliingia mapema zaidi, pale mlipoichukua asilimia 18 kuwa ni ya fedha ulizolipa, ilhali muuzaji aliikokotoa kutoka kwenye bei yake kabla hajaijumlisha kodi. Kwa hiyo swali la kwanza, hata kabla ya kushika kalamu, ni hili: asilimia 18 ya nini?

Bei ya kabla ya kodi ndiyo kitu kizima, yaani asilimia 100. Muuzaji akiongeza 18, mnunuzi analipa asilimia 118 ya bei hiyo. Basi shilingi 94,400 ni sehemu 118. Ukigawanya 94,400 kwa 118 unapata 800, ambayo ni thamani ya sehemu moja. Sehemu 100 ni shilingi 80,000, na sehemu 18 zilizobaki, ambazo ndizo kodi, ni shilingi 14,400. Ukijumlisha unarudi kwenye 94,400. Lifanyieni na jibu lenu uhakiki huo huo: asilimia 18 ya 77,408 ni kama 13,933, na jumla yake ni 91,341, pungufu kwa zaidi ya shilingi 3,000. Mtoto aliyezoea kuhakiki angeligundua kosa hili mwenyewe, bila kuisubiri risiti. (Wasomaji wa Zanzibar, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 15, watagawanya kwa 115.)

Linaloniumiza ni kwamba watoto wengi hufundishwa kuwinda maneno katika mafumbo: wakiona "jumla" hujumlisha, wakiona "ondoa" hutoa. Chukua fumbo hili: "Asha ana machungwa 12, naye amemzidi Juma machungwa 5. Juma ana mangapi?" Wapo watakaolidaka neno "amemzidi" na kujibu 17, ingawa sentensi yenyewe inasema wazi kwamba Juma ndiye mwenye machache. Ndiyo maana huwataka wanafunzi wangu wafunike tarakimu kwa kiganja na kulisimulia fumbo kwa maneno yao, hadi waseme nani ana vingi, kipi kilitangulia na kipi kinatafutwa. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe, na kwangu huo ni muda uliotumika vizuri.

Jioni ya leo mpe mwanao fumbo hili: bei ya kilo ya mchele imepanda kwa asilimia 20, sasa ni shilingi 3,000, ilikuwa ngapi? Jibu ni 2,500. Akisema 2,400 usimsahihishe. Mwulize tu, asilimia 20 ya nini?