Maili chini ya dakika 4: mmeuliza, tunajibu

Mbona kwenye TV wakimbiaji wa maili wanaonekana wanakimbia kawaida tu? Ugumu wa dakika 4 uko wapi?

Kamera ndo inadanganya, manake wote wanaenda spidi moja na kamera inaenda nao. Piga hesabu hivi: maili ni mita 1609, yaani raundi nne za uwanja na mita 9 hivi juu yake. Kumaliza chini ya dakika 4 inabidi kila raundi uitoe kwa sekunde 59 na kitu, kila mita 100 chini ya sekunde 15, na hizo mita 100 ziko 16 zimefuatana hamna kupumua pembeni. Sasa kijana anayecheza mpira kila jioni mita 100 ya sekunde 15 anakupa, na ya pili anakupa, ikifika ya tano mapaja yanawaka na mikono inaanza kupanda mabegani, na hapo bado 11. Ukiwa jimu hiyo ni kilomita 24 kwa saa, mashine nyingi zinaishia 20. Kwahiyo spidi yenyewe wengi wanayo, kuishikilia ndo hamna watu.

Ni watu wangapi duniani wameshaweza?

Tangu 1954 mpaka leo ni kama elfu mbili hivi, wote wanaume. Waliofika kilele cha Everest wamepita 6,000, yaani kupanda mlima mrefu kuliko yote duniani kumewezwa na watu wengi kuliko hii mizunguko minne. Na humo ndani ya hao elfu mbili nako kuna ngazi, manake Hicham El Guerrouj wa Morocco alikimbia 3:43.13 pale Roma tarehe 7 Julai 1999 na Noah Ngeny wa Kenya akawa nyuma yake kabisa na 3:43.40, rekodi ile bado ipo. Mtu wa dakika 4 kamili angekuwa kwenye mbio zile, El Guerrouj anakata utepe yeye bado ana mita 110 na zaidi. Mtu wa dakika 4!

Ni kweli watu waliamini haiwezekani, Roger Bannister, yule Mwingereza wa kwanza kushuka dakika 4, alipofanya tu ghafla kila mtu akaweza? Yaani kizuizi kilikuwa kichwani?

Hii inapendwa sana na watu wa semina za motisha na mimi inaniuma kwa sababu inafuta kazi ya watu. Rekodi ilikuwa inashuka miaka mingi kabla, Wasweden wawili, Gunder Hägg na Arne Andersson, waliishusha mpaka 4:01.4 kufikia 1945, kwahiyo waliokuwa karibu na mbio walijua ni suala la muda. Bannister akaja 6 Mei 1954 pale Oxford, kuna upepo, chini ni vumbi la makaa, wenzake wawili Brasher na Chataway wanamvutia kasi. Ziangalie raundi zake: 57.5, halafu 60.7, halafu 62.3, ya mwisho 58.9. Umeona ya tatu? Hapo ndo maili inapokula watu, umechoka kweli kweli na mwisho bado hauonekani. Jumla 3:59.4. Siku 46 baadaye John Landy wa Australia akaishusha tena kule Turku, Finland. Baada ya hapo hamna mtu mpya mpaka Mei 1955 ndo wakapita watatu kwenye mbio moja London. Mwaka mzima watu wawili tu, hiyo sio ghafla kila mtu. Kilichowaongeza baadaye ni mazoezi makali, viwanja bora, viatu, na wakimbiaji wengi zaidi kupata nafasi. Filbert Bayi wa Tanzania alifika 3:51.0 mwaka 1975 na yeye alikuwa anatoka mbele tangu mlio wa bastola.

Wanawake je, watafika?

Faith Kipyegon ana rekodi ya 4:07.64, Monaco 2023. Juni 2025 alijaribu Paris akiwa na watu wa kumkinga upepo akapata 4:06 na kitu, haihesabiki kama rekodi lakini miguu ni yake. Sekunde 6 kwenye maili ni kama mita 40, ni nyingi sana, ila mwanamke wa kwanza kushuka dakika 5, Diane Leather, alifanya hivyo mwaka huohuo wa 1954. Mimi simwekei mtu mpaka.

Simu yangu inasema nimekimbia maili kwa 4:20, niamini?

Hapana, kwanza pima. Nenda uwanja wa mita 400, njia ya ndani kabisa, anza mita 9 nyuma ya mstari, zunguka mara nne, mtu mwingine ashike saa. GPS ya simu inakosea kwenye kona, na kama ulikuwa unashuka mteremko ndo kabisa.

Mimi natumia dakika 6, nifanyeje nishuke?

Dakika 6 ni nzuri, wengi wanaokimbia wikiendi hawaifikii. Sasa hivi raundi yako ni sekunde 89, ukitaka 5:30 inabidi iwe 82. Mara moja kwa wiki kimbia raundi 6 mpaka 8 za sekunde 82, katikati pumzika dakika 2, siku nyingine kimbia taratibu na kwa muda mrefu ili upate pumzi. Ukishazoea, usiongeze spidi, punguza mapumziko, dakika moja na nusu, halafu moja.