Maswali na majibu: Probu ikinasa, jino limeoza?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni tabibu wa meno, mwaka huu nimepangiwa kituo cha afya wilayani Kaliua. Nataka kujinunulia vifaa vyangu vya uchunguzi. Kuna muuzaji ana seti ya kioo, kibano na probu mbili za ncha kali, vile vyuma vyembamba vya kupapasia meno, bei si mbaya. Anasema probu zake hunasa hata tundu dogo kabisa, na amenionyesha kwa sumaku kwamba ni chuma cha pua. Probu ya fizi, ile ya kupimia kina kati ya fizi na jino, hana. Nichukue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kioo na kibano chukua ukishavikagua. Probu zake mwachie.

Hapa Tabora siishi kupokea watu walioambiwa meno yao yameoza kwa sababu tu probu ilinasa. Hakuna imani inayonichosha kuliko hii. Magego yana mifereji ya asili, na mfereji mwembamba hunasa ncha kali hata jino likiwa zima kabisa. Kunasa kunakuonyesha umbo la mfereji na nguvu ya mkono wako, basi. Niliwahi kuletewa binti wa darasa la sita aliyekwisha pangiwa kung'olewa magego mawili. Nilipoyasafisha na kuyakausha sikuona kitu zaidi ya rangi ya chai iliyokaa kwenye mifereji.

Ubaya zaidi uko kwenye jino lililoanza kuoza kweli. Mwanzoni madini hupungua chini ya ngozi ya juu ya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, na ile ngozi yenyewe bado imeshikana. Jino la namna hiyo linaweza kukomaa tena kwa mate, dawa ya meno yenye floridi na usafi. Ukilidunga kwa ncha kali unaivunja ile ngozi, na tundu ambalo halikuwepo umelitoboa wewe. Kwa hiyo piga mswaki jino, weka pamba, likaushe kama sekunde 5, kisha litazame kwenye mwanga mzuri. Doa jeupe linaloonekana baada ya kukausha tu ni la mapema; linaloonekana hata jino likiwa na mate limekwenda ndani zaidi. Ukitaka kupapasa, tumia ncha butu na uiburuze taratibu.

Hiyo ncha butu utaipata kwenye probu ya Shirika la Afya Duniani. Fedha ya zile mbili iweke hapo. Ina kidonge cha nusu milimita mwishoni, na mkanda mweusi kuanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Itembeze kati ya fizi na jino, kuzunguka jino zima, usichome sehemu moja ukaridhika. Mkanda ukionekana wote, hakuna mfuko wa kukutisha, yaani fizi haijaachana na jino kwa kina. Ukizama nusu, mfuko una milimita 4 au 5. Ukipotea wote, ni 6 au zaidi. Nguvu ya kuibonyeza ni kama gramu 20 hadi 25. Jipime mwenyewe kwanza: ingiza ncha chini ya ukucha wa kidole gumba, na ukiumia, mkono wako ni mzito.

Usiniambie utaangalia damu tu. Uko Kaliua, kwenye tumbaku. Mvutaji fizi zake hutoka damu kidogo kuliko hali yake halisi, zinaonekana zimetulia huku mfupa unaliwa chini. Bila kupima kina utamwambia yuko salama, naye atarudi meno yakitikisika.

Kioo kigusishe ncha ya kalamu. Ncha na taswira yake zikikutana bila nafasi katikati, kinaakisi kwa juu, hutaona taswira mbili. Hicho ndicho kizuri, ila usikisugue kwa steelwool. Sumaku haikusaidii: chuma cha pua cha vifaa vya tiba kwa kawaida hushikwa na sumaku, na chuma cha kawaida kilichopakwa kromiamu hushikwa vilevile. Tazama ncha na maungio. Mng'aro ukibanduka, kirudishe. Vyote vipite kwenye otoklevu, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 15. Kuchemsha sufuriani hakuui mbegu za bakteria.

Nakusisitiza haya kwa sababu nje ya kituo chako wapo wenye vyuma vikali na hakika kubwa kuliko yetu. Kuna wanaokwangua ugaga kwa kifaa kilekile mdomo hadi mdomo, na homa ya ini inahama nacho. Kuna wanaochokonoa "mdudu wa jino", mdudu ambaye hayupo. Wanaoniuma roho kabisa ni wale wa "meno ya plastiki", wanaodai ndiyo yanayomwugua mtoto. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, fizi imevimba kidogo pale chonge litakapoota. Wanamchimba na kutoa jino changa lililokuwa linajijenga. Damu inamwagika, kidonda kinaoza, kuharisha kunaendelea.

Mama wa mtoto huyo atakuja kwako pia, akikuomba umalize kazi kwa vifaa vyako visafi. Usikubali. Mwonyeshe kwa kidole kwamba uvimbe ule ni jino linalokuja, mpe maji ya chumvichumvi, yaani ORS ya mtoto anayeharisha, aanze kumnywesha papo hapo, na umsindikize mwenyewe hadi chumba cha watoto akapimwe malaria.