Kwa nini manjano hung'aa katika mafuta na kufifia katika maji?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Nilikoroga manjano ya unga katika kikombe cha mafuta ya nazi, na kiasi kile kile katika kikombe cha maji, kisha nikavimulika gizani kwa tochi ya urujuanimno ya kukagulia noti. Mafuta yaling'aa rangi ya kijani, lakini maji yalibaki kama tope. Je, manjano yangu yana kasoro?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Ulichokiona si kasoro. Ni tabia ya kurkumini, ile kemikali inayoyapa manjano rangi yake. Molekuli ya kurkumini ikifyonza mionzi ya tochi hupanda daraja la nishati na kukaa huko kwa kadiri ya nanosekunde moja au chini yake, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kisha hushuka ama kwa kutoa nuru ama kwa kuipoteza nishati hiyo kama joto. Njia ipi itafuatwa hutegemea sana majirani walioizunguka. Mafuta huiyeyusha vizuri na kuiacha itoe nuru. Kurkumini na maji havipatani: sehemu kubwa hushikamana katika punje, na ile kidogo iliyoyeyuka hupokonywa nishati na molekuli za maji zinazoishikilia.

Jaribu jambo moja zaidi, ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika kile kikombe kilichofifia, ukoroge, umulike tena. Molekuli za sabuni hukusanyika katika vifundo vidogo mno vyenye mafuta ndani. Kurkumini hujificha humo na kuanza kung'aa, ingawa bado imo majini. Usitumie sabuni ya mche, kwani magadi yake huigeuza kurkumini kuwa nyekundu, kama ajuavyo kila aliyefua kanzu yenye doa la mchuzi.

Majirani wengine huzima nuru kwa kugongana tu. Kwinini, iliyomo katika maji ya toniki, hung'aa buluu chini ya tochi hiyo hiyo. Ukitia chumvi hufifia, kwa sababu ioni za kloridi, yaani chembe zenye chaji ya umeme zitokazo kwenye chumvi ikiyeyuka, huigonga na kuitoa nishati kabla haijatoa nuru. Kwa njia hiyo hiyo watafiti hupima kloridi ndani ya seli hai: hutia rangi ya namna hii, kisha huangalia imefifia kwa kiasi gani.