Winchi ya nanga kwa boti ya Ziwa Tanganyika: pima kwanza kinachoning'inia
Naendesha boti ya mita 14 hapa Kigoma. Tunapeleka wageni Hifadhi ya Gombe, na mara chache kwa mwaka tunashuka hadi ya Mahale. Boti ni ya tajiri wangu, ila mambo ya nanga ameniachia mimi. Winchi yetu, yaani mashine ya umeme inayovuta nanga, ilipoungua mwaka juzi, mimi ndiye niliyetumwa kutafuta nyingine, na nilikosea kabla ya kupatia. Kama na wewe unatafuta winchi ya boti ya ziwa hili, soma kwanza kabla hujatuma hela.

Iliungua hivi. Tulilala mbele ya Kasekela, huko Gombe, tukatia nanga kwenye kina cha mita 9, mnyororo wote mita 50 ukiwa nje. Usiku upepo wa nchi kavu ukashuka kutoka milimani, ukaigeuza boti ikaelekea kilindini. Ziwa letu lina kina cha hadi mita 1,470, na ufuko wa Gombe hauteremki taratibu. Ukitoka kidogo tu, chini kunakatika. Nanga iliburutwa ikavuka ukingo, na alfajiri tukajikuta tunaelea, nanga na mnyororo vikining'inia chini yetu bila kugusa kitu. Nikabonyeza kitufe. Winchi ikavuta mita chache, ikaanza kunguruma kwa uzito, kisha harufu ya vanishi iliyoungua ikapanda kutoka chini ya sitaha. Tulivuta kwa mikono, watu wanne, karibu saa nzima. Kijana wetu wa omo, yaani wa mbele ya boti, alirudi Kibirizi viganja vimechubuka, hawezi hata kushika kijiko.

Ukifika dukani utaonyeshwa jedwali: boti ya urefu fulani, winchi ya saizi fulani. Usiliamini peke yake. Urefu wa boti hauiambii winchi itabeba nini. Chukua uzito wa nanga, jumlisha na uzito wa mnyororo wako wote, kisha zidisha mara tatu. Nguvu ya juu kabisa ya winchi kuvuta isipungue hapo. Mnyororo wa milimita 10 una uzito wa kama kilo 2.3 kwa mita, kwa hiyo mita 50 ni kilo 115. Nanga yetu ni kilo 25. Jumla kilo 140, mara tatu ni kilo 420. Ni kweli chuma kikiwa majini hupungua uzito kama sehemu moja ya nane, lakini akiba hiyo iache ilivyo, utaihitaji nanga ikishikwa na tope au mwamba. Winchi yetu ya zamani ilifungwa wakati boti ina mnyororo wa mita 25. Baadaye tukaongeza mnyororo kwa sababu ya kina, wala hakuna aliyerudi kuifikiria winchi. Mimi pia sikuifikiria.

Kosa langu likaja hapo. Nilipata winchi iliyotumika kutoka Dar es Salaam, nguvu inatosha, imeandikwa mnyororo wa milimita 10, na wetu ni wa milimita 10. Tukaifunga. Mnyororo ukawa unapanda juu ya gurudumu la winchi linaloushika, unaruka, unaanguka kwa kishindo, unapanda tena. Fundi mmoja mzee wa Ujiji ndiye aliyenifumbua macho. Aliulaza mnyororo sakafuni, akaunyoosha, akapima kutoka mwanzo wa pete ya kwanza hadi mwanzo wa pete ya kumi na moja. Milimita 280. Kisha akapima vishimo vya gurudumu, vile vinavyoshika pete, vikawa vya mnyororo ambao pete kumi ni milimita 300.

"Unene ni uleule, mwanangu," akaniambia, "lakini pete si zilezile."

Ndivyo ilivyo. Mnyororo wa milimita 10 wa kipimo cha Kijerumani, DIN 766, una hatua ya milimita 28, yaani kutoka mwanzo wa pete hadi mwanzo wa inayofuata, na ule wa kipimo cha kimataifa, ISO, una 30. Milimita mbili tu, lakini gurudumu la mmoja halimshiki mwenzake. Kabla ya kununua, pima pete zako kumi kama alivyopima mzee, umtumie muuzaji namba hiyo, naye akujibu kwa maandishi gurudumu ni la kipimo gani. Winchi nyingi nzuri hubadilishwa gurudumu, kwa hiyo ukipata mashine sahihi yenye gurudumu lisilokufaa, ulizia gurudumu kwanza kabla ya kuikataa.

Mzee hakuishia hapo. Aliomba mita ya umeme, akapima wakati winchi inavuta. Kwenye betri volti 12.3, kule omo kwenye winchi volti 9.8. Waya ulikuwa wa milimita 16 za mraba, mita 11 kwenda na 11 kurudi, na mota ya wati 1,000 inakula karibu ampea 100. Umeme unapotea njiani, mota inazunguka polepole, inakaa na mzigo muda mrefu, inapata moto. Nina hakika ile ya kwanza iliuawa na waya huo pamoja na mzigo. Tukaweka waya wa milimita 50 za mraba na breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ya ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji, karibu na betri, na sasa hatupotezi hata volti moja. Bei ya waya iliniuma, lakini ningerudia.

Kuhusu umbo, winchi ya kusimama huukumbatia mnyororo vizuri zaidi, ila mota yake inakaa chini ya sitaha na inataka nafasi ya mnyororo kuanguka. Ya kulala inakaa yote juu, fundi anaifikia kirahisi. Sanduku letu la mnyororo ni fupi, tukachukua ya kulala.

Wengine watakwambia upunguze mzigo kwa kuunga kamba nyuma ya mnyororo mfupi. Kwenye mchanga ni ushauri mzuri. Sisi tunalala kwenye miamba, na mwamba unakata kamba usiku mmoja, kwa hiyo nimebaki na mnyororo mtupu. Hakikisha pia winchi ina mpini wa kuzungushia kwa mkono. Na ukishatia nanga, usiiache winchi ishikilie boti. Funga mnyororo kwa ndoano na kamba kwenye nguzo ya omo. Wakati wa kung'oa, isogeze boti kwa injini hadi juu ya nanga, winchi ivute mnyororo tu.

Winchi yenye gurudumu linalolingana na mnyororo wetu ilipofungwa sikusubiri safari ya wageni. Nilitoka na kijana wangu yule hadi kilindini mbele ya Bangwe, tukateremsha nanga na mita zote 50 zikaning'inia. Nikamwachia yeye kitufe. Ilipanda kwa dakika nne kasoro, bila kuruka hata pete moja. Nanga ilipogonga mahali pake akaweka kiganja juu ya mota, akakiacha hapo. Ilikuwa vuguvugu tu.