Kwa Wanaoanza Kuchunguza Jinsi Seli Zinavyoponya Vidonda

Mwanafunzi anayeingia maabara kuchunguza uponaji wa vidonda hupenda kuuliza pengo limezibika kwa kasi gani. Mimi humsihi aulize kwanza limezibwa na nini. Jaribio ambalo wengi huanza nalo linaonekana jepesi: seli huoteshwa mpaka zifunike kisahani, mstari hukwaruzwa kwa ncha ya pipeti, kisha picha hupigwa kwa hadubini, mara nyingi hadi saa 24. Ukitazama ukingo wa mkwaruzo baada ya saa chache, utaona seli zimetandaza utando mwembamba kuelekea mahali patupu na kuanza kujivuta, na mpaka leo huwa naiacha kazi nyingine nikaitazama picha hiyo. Lakini pengo huzibika pia kwa sababu seli zinagawanyika, na picha za ukingo peke yake hazitakutenganishia mambo hayo mawili. Ndiyo maana tunapunguza seramu, yaani majimaji ya damu yanayochochea seli kukua, au tunazuia mgawanyiko kwa dawa kama mitomaisini C, na kuvitendea vivyo hivyo visahani vya ulinganisho, yaani vile visivyotiwa dawa tunayoijaribu.

Katika mwaka wangu wa pili nilimpelekea msimamizi wangu matokeo ya jaribio la shubiri niliyoyafurahia mno. Akapima mikwaruzo yote ya saa sifuri, mmoja baada ya mwingine, akanionyesha kwamba ile ya ulinganisho, niliyoikwaruza jioni mkono ukiwa umechoka, ilikuwa mipana zaidi tangu mwanzo, ndiyo maana shubiri ilionekana kushinda. Nilianza upya kazi ya miezi mitatu.

Hapa Nairobi, takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, kuna jambo ambalo miongozo mingi haitaji. Shinikizo la hewa ni dogo, kwa hiyo geji ya otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, inaweza kusoma kiwango kilekile cha kitabuni ilhali joto la ndani halijafika nyuzi 121; fuata kipimajoto. Vilevile asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi katika inkubeta, kabati la joto la kuoteshea seli, huwa na shinikizo dogo kuliko Mombasa, na kimiminika cha seli kikianza kugeuka waridi iliyokolea, dalili kwamba asidi imepungua, pima pH (kiwango cha asidi) kabla ya kuilaumu dawa yako.

Kisahani hakina damu, hakina chembe za kinga zinazosafisha jeraha, wala hakijengi kovu. Katika ripoti andika kwamba seli zilihama na kuziba pengo. Usiandike kwamba kidonda kilipona.